Kilindi ni Ghala la Mto: Tusilibomoe

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Agosti na Septemba, mito mingi ya nyanda zetu za kati hugeuka kuwa njia za mchanga. Kizigo huacha mgongo wake wazi juani, Bubu husinyaa, na Kinyasungwe hukatika vipande vipande. Mgeni apitaye darajani hutazama chini akadhani mto umekufa. Mwenyeji hadhani hivyo. Yeye anajua kwamba mahali fulani, penye kona ya mto, chini ya mkuyu ambao majani yake hayakupukutika, yamebaki maji meusi yaliyotulia, na ndani ya maji hayo wamo samaki waliosalimika. Mahali hapo ndipo tunapopaita kilindi.

Tumeona inafaa tuzungumze na wasomaji wetu juu ya vilindi hivi: jinsi vinavyotokea, namna wavuvi hodari wanavyovitafuta, na namna sisi wenyewe tunavyoviangamiza. Huenda akatokea wa kuuliza, je, wananchi wa Dodoma, watu wa mtama, uwele na ng'ombe, wana haja gani na habari za uvuvi? Jawabu ni jepesi. Kwa sensa ya mwaka 2022 mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 3. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa dhati mwaka 2016, ili kuutimiza uamuzi uliopitishwa na TANU mwaka 1973, walaji wamezidi na masoko yamepanuka. Samaki wa Mtera, wa Bahi na wa Hombolo wanatafutwa mjini na vijijini. Nasi hatuwezi kula samaki mwaka hadi mwaka bila ya kuuliza habari za nyumba yake, kama vile tusivyoweza kula ugali bila ya kujali habari za shamba.

PAA LENYE PANDE TATU

Msomaji asidhani kwamba maji ya Dodoma na maji ya pwani ni mambo mawili yasiyojuana. Nyanda zetu ni mfano wa paa la nyumba ambalo maji yake humwagika pande tatu. Upande mmoja, mto Bubu huteremka kutoka Kondoa ukaishia katika mbuga za Bahi, ndani ya Bonde la Ufa, wala hautoki tena. Maji yake hunywewa na ardhi na jua. Upande wa kusini, Kizigo huingia katika bwawa la Mtera, ambako hukutana na Ruaha Mkuu, na maji hayo hupita Kidatu, yakaungana na Rufiji na kuteremka hadi kwenye mikoko. Upande wa mashariki, Kinyasungwe hupita Gulwe na Kidete, ukapokewa na Mkondoa huko Kilosa, na mwishowe ukawa Wami, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi huko Saadani.

Rufiji na Wami, huko mwisho wa safari yao, ni mito ya maji kujaa na kupwa. Bahari huingia ndani yake ikatoka, ikaingia tena. Kwa hiyo maji yaliyolala kilindini Kongwa huweza, mvua ikija, kwenda kulala katika kilindi cha mikoko. Mvuvi wa Dodoma na mvuvi wa delta ya Rufiji, ijapokuwa hawajapata kuonana, wanavua katika mfereji mmoja, na elimu yao, ukiichunguza, ni elimu moja.

MAJI HAYACHIMBI OVYO

Kilindi si shimo lililotokea kwa bahati. Maji yana desturi zake, na mtu azijuaye desturi hizo haendi mtoni kubahatisha.

Desturi ya kwanza ni ya vizingo. Mto ufikapo mahali unapopinda, maji ya upande wa nje ndiyo yenye mbio, na yale ya upande wa ndani hwenda polepole. Yenye mbio huchimba, ya polepole hutua mchanga. Ndiyo maana ukingo wa nje huwa genge, na ukingo wa ndani huwa fungu lililolala. Basi ukiliona fungu la mchanga upande huu, kitafute kina upande ule.

Desturi ya pili ni ya makutano. Mito miwili ikikutana, maji hugombana, na mbele kidogo ya ugomvi huo chini huchimbika. Desturi ya tatu ni ya vizuizi: mwamba, gogo kubwa au nguzo ya daraja huyalazimisha maji kuzunguka, na katika kuzunguka kwake hufukua ardhi iliyo miguuni pa kizuizi hicho. Desturi ya nne ni ya mbano. Mto uliokuwa mpana ukibanwa na vilima viwili, hauna nafasi ya kwenda kando. Hapana budi uende chini.

Mtu akizishika desturi hizi nne, ataweza kusimama juu ya kilima, akautazama mto asioujua, na kutaja mahali penye kina kabla hajalowesha mguu.

MWEZI NA BILDI

Katika mito ya pwani desturi hizo zinabaki vilevile, lakini huongezeka ya tano, nayo ni mwezi. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na ziada ya dakika kama 50, na kwa sababu hiyo saa ya maji kujaa husogea mbele kila siku. Mtoto aliyepita chuoni akafundishwa kuuhesabu mwezi mwandamo hana haja ya kuandikiwa saa hizo kitabuni. Anajua kwamba mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Anajua pia kwamba mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Katika pwani yetu tofauti baina ya kujaa na kupwa siku za bamvua hufika mita 3 na kupita.

Mvuvi mwerevu wa mto wa namna hiyo hutumia siku za bamvua kusoma. Maji yanapokupwa mno, mto huonyesha mifupa yake yote: mafungu hutokeza, matope hung'aa, na maji yaliyobaki huonyesha njia yalimo. Hapo huingia mtumbwini, pondo mkononi, akipima chini hatua kwa hatua. Pondo likikosa chini, hutupa bildi, yaani kipande cha risasi au jiwe lililofungwa katika kamba yenye mafundo, akahesabu pima. Bildi ikishuka kuliko kawaida, hanyamazi tu akafurahi. Huinua macho akatazama nchi kavu, akalinganisha mkoko mrefu na mnazi ulio nyuma yake upande mmoja, na pembe ya nyumba na mti mwingine upande wa pili. Mistari hiyo miwili inapokatana ndipo penye kilindi. Siku nyingine maji yakijaa, mto wote ukawa uwanja mtupu usio na alama, yeye hurudi palepale kama mtu arudiye mlangoni kwake usiku.

Na kwa nini apatafute mahali hapo? Kwa sababu samaki pia wana ratiba yao. Maji yanapojaa hupanda kwenye mikoko na matope kutafuta chakula. Yanapokupwa hushuka, wakakusanyika kilindini kungoja maji yarudi. Mkizi hufanya hivyo, na wakubwa wanaomla mkizi humfuata. Basi saa njema ya kutega ni mwisho wa kupwa na mwanzo wa kujaa, wakati samaki wote wako mlangoni. Fauka ya hayo, maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi, kwa hiyo katika mdomo wa mto chumvi hulala chini na maji baridi hupita juu yake. Kilindi kimoja kinaweza kuwa na samaki wa bahari ghorofa ya chini na samaki wa mtoni ghorofa ya juu.

Elimu hii ya kupima kina haikuwa ya wavuvi peke yao. Mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Manowari ile kubwa iliweza kuingia kwa sababu Wajerumani walikuwa wamekwisha kuipima midomo ya mto na kujua njia zenye kina. Waingereza walikaa nje miezi mingi, manowari zao kubwa haziwezi kupita juu ya mafungu, hata walipoleta manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, ndipo Königsberg ikaangamizwa mwezi wa Julai 1915. Madola mawili makubwa ya Ulaya yalizuiliana na kushindana kwa jambo ambalo kila mvuvi wa Rufiji hulijua kwa pondo lake: nani anajua kina kilipo, na nani hajui.

BAMVUA YETU NI MVUA

Tugeuke sasa tuje kwetu bara. Huku hakuna bahari ya kupandisha maji, wala mwezi hauusukumi mto. Lakini tunayo bamvua yetu, nayo ni mvua, ambayo huja mara moja tu kwa mwaka. Kuanzia Desemba hadi Aprili maji yanajaa. Kuanzia Mei hadi Novemba maji yanakupwa. Na mvua yenyewe si nyingi. Katika sehemu kubwa ya Dodoma mwaka wa kawaida haufikii milimita 600.

Samaki wetu hufanya kwa mwaka mzima yale ambayo samaki wa pwani hufanya kwa siku moja. Mafuriko ya kwanza yakishuka, kambale hutoka kilindini wakapanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji, huko wakataga mayai. Perege huchimba viota vyao penye maji mafupi, na mama hubeba mayai na watoto kinywani mwake hadi wapate nguvu. Maji yakianza kushuka, wakubwa na wadogo huteremka pamoja. Asiyewahi hufia mbugani, akawa chakula cha korongo. Aliyewahi huingia kilindini.

Hapo ndipo penye uzito wa maneno yetu. Samaki wa pwani hufungwa kilindini kwa muda wa saa sita, kisha bahari humfungulia. Samaki wa Kizigo au wa Bubu hufungwa miezi sita au saba. Kwa muda wote huo hawezi kukimbia, hawezi kuongezeka sana, na kila siku maji yanayomzunguka yanapungua. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa samaki wetu kilindi kidogo kisichozidi upana wa uwanja wa mpira ndiyo bahari yake yote, na humo ndimo ilimo mbegu ya samaki wote wa mwaka ujao katika sehemu hiyo ya mto.

Kambale amepewa ustahimilivu wa ajabu. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo huweza kuishi katika tope zito ambamo samaki wengine hufa, na usiku wenye umande huweza kujikokota kutoka dimbwi moja hadi jingine. Lakini kustahimili tope si kustahimili wavu. Mtu anayefagia kilindi mwezi wa Oktoba haondoki na samaki wa mwaka huu. Anaondoka na wazazi wa samaki wa mwaka ujao.

Kukitafuta kilindi cha bara kuna dalili zake. Mti wa kijani katikati ya miti iliyokauka ni dalili. Mdiria anayerudi tawi lilelile kila asubuhi ni dalili, kwa maana ndege huyo hapotezi wakati wake. Maji yanayobadilika rangi ghafla kutoka kahawia kuwa meusi ni dalili ya kina. Povu linalozunguka mahali pamoja bila ya kwenda mbele ni dalili kwamba chini yake maji yanageuka. Na kiboko ni dalili kubwa kuliko zote, ila ni dalili ya kutazamwa kwa mbali. Tusisahau kwamba kilindi kinachohifadhi samaki huhifadhi na mamba pia. Wazazi wawakanye watoto wao. Maji ya mto unaokauka hudanganya: hatua tatu yako magotini, hatua ya nne hakuna chini.

MTERA NA MITA NANE NA NUSU

Bwawa la Mtera ni mfano mkubwa wa jambo hili. Lilijengwa ili kuhifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1988 likawa na mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Likijaa, uso wake huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Na kiwango cha chini kinachoruhusiwa kwa kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti ni mita 8 na nusu tu. Lakini kwa kuwa bwawa ni pana na nchi ni tambarare, maji yakishuka mita chache juu, pembeni ufuko huondoka mbali sana, na shamba la maji huwa uwanja wa matope.

Chini ya bwawa hilo ungali upo mkondo wa kale wa Ruaha, uliofunikwa maji yalipopanda. Miti mikavu iliyozamishwa wakati ule imesimama hata leo, na wavuvi huitumia kama alama. Maji yakipungua, samaki hurudi katika mkondo ule wa mababu zao, na wavuvi nao huwafuata. Miaka ya ukame kama 2006, nchi ilipopata mgao mkali wa umeme, na 2015, mitambo ya maji iliposimamishwa, wengi wetu tulihesabu hasara ya taa na viwanda. Wachache walihesabu hasara ya pili: wavuvi walewale, nyavu zilezile, maji kidogo. Kila samaki aliyebaki alizungukwa na mitego maradufu.

Na Ruaha Mkuu wenyewe umetutia onyo. Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwishoni mwa mwaka 1993 mkondo wake ulikatika, na tangu hapo umekuwa ukikatika katika miezi ya kiangazi mwaka baada ya mwaka, hasa kwa sababu maji yake huchukuliwa kwa wingi katika mashamba ya mpunga ya Usangu na ardhi oevu ya Ihefu imepungua. Mkondo unapokatika, viboko, mamba na samaki husongamana katika vilindi vichache vilivyobaki. Humo hewa ya majini huisha, uchafu hujaa, na samaki hufa kabla mvua haijaja. Kilindi ni ghala, naam; lakini ghala lisiloingiziwa kitu chochote mwishowe huoza.

MAADUI WATATU

Kilindi kina maadui watatu, nao wote wana miguu miwili.

Adui wa kwanza ni uvuvi wa kufagia. Kokoro hukokotwa kutoka ukingo hadi ukingo likakusanya mzazi na mtoto. Chandarua, ambacho kilitolewa kumkinga mwanadamu na malaria, hugeuzwa wavu usiomwachia hata kifaranga wa jana. Na mbaya kuliko vyote ni sumu, iwe utupa uliopondwa au dawa ya mashambani. Sumu haichagui, na maji hayo hayo ndiyo yanayonyweshwa ng'ombe na kuchotwa na kina mama. Mambo haya yamepigwa marufuku. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 iko wazi. Lakini sheria haioni gizani kama haina macho ya wananchi.

Adui wa pili ni mchanga. Tulisema maji ndiyo yanayochimba kilindi. Lakini maji yakija yamebeba udongo kuliko nguvu zake, huacha kuchimba yakaanza kufukia. Udongo huo unatoka wapi? Unatoka katika vilima tulivyovikata miti, katika mashamba tuliyoyalima hadi kwenye midomo ya mito, na katika njia za mifugo zilizogeuka makorongo. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, limepoteza sehemu kubwa ya kina chake kwa udongo, na bwawa la Ikowa huko Chamwino limepatwa na msiba huohuo. Bwawa likifukiwa hupigiwa kelele kwa sababu liligharimu fedha. Vilindi vya mto hufukiwa kimya kimya, kwa sababu hakuna aliyevilipia.

Katika jambo hili Dodoma imewahi kuwa mwalimu wa wengine. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Ulikuwa uamuzi mchungu, na wafugaji waliouchukua mzigo huo walistahili shukrani kuliko walizozipata. Hata hivyo matokeo yalionekana: nyasi na miti vilirudi katika vilima vilivyokuwa vimebaki mifupa mitupu. Jambo lililowezekana Kondoa kwa kilomita za mraba elfu na ziada, halishindikani kwa ukanda mwembamba wa ukingo wa mto.

Hapa tuongeze neno juu ya malori. Mji unapokua, mchanga wa kujengea hutafutwa mitoni, na wako wanaodai kwamba kuchimba mchanga ni kuuongezea mto kina. Si kweli. Shimo la lori si kilindi. Halikuchimbwa mahali ambapo maji yenyewe huchimba, kwa hiyo mafuriko ya kwanza hulifukia. Na kabla ya kulifukia, ukingo uliopokonywa mguu wake huanguka na kuongeza udongo ule ule tulioulalamikia.

Adui wa tatu ni pampu isiyo na kipimo. Bustani ya mboga kando ya mto ni jambo jema, nasi tunaiunga mkono. Lakini pampu inapowekwa katika kilindi cha mwisho mwezi wa Septemba, na bomba likanyonya usiku na mchana, bustani moja hunywa riziki ya kijiji kizima.

NJAA HAINA SUBIRA

Tunajua hoja ya upande wa pili, wala hatutaki kuipuuza. Mvuvi maskini atasema: ninyi mnaandika mkiwa mmeshiba. Watoto wangu hawawezi kungoja Desemba. Nisipokifagia kilindi mimi, atakifagia mwingine usiku wa leo, tena mtu wa kuja mwenye gari na barafu.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ukweli wenyewe uko katika sentensi ya mwisho. Mvuvi huyu haoni kwamba kuharibu ni kuzuri; anaona kwamba kuhifadhi peke yake ni ujinga. Kilindi kisicho na mwenyewe hufagiwa na wa kwanza kufika. Basi dawa si kumtukana mvuvi maskini, wala kumkamata yeye na kumwacha mwenye gari. Dawa ni kumhakikishia kwamba alichokiacha leo atakikuta kesho, na kwamba jirani yake amefungwa na agizo lile lile.

Wazee wa Ugogo walijua maana ya kuacha akiba. Waliopona katika njaa ya Mtunya, iliyoikumba nchi hii kati ya mwaka 1917 na 1920, waliwasimulia watoto wao jinsi njaa inavyomshawishi mtu kula mbegu. Mbegu ikiliwa, mvua hata inyeshe namna gani, shamba hubaki tupu. Samaki wa kilindini mwezi wa Oktoba ni mbegu.

Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila kijiji kilicho kando ya mto au bwawa kivihesabu vilindi vyake na kuvipa majina, kama vile kinavyohesabu visima na mashamba. Wazee na wavuvi waulizwe, maana wao ndio ramani. Kitu kisicho na jina hakilindwi.

Pili, mkutano mkuu wa kijiji uchague baadhi ya vilindi, si vyote, viwe vya akiba. Katika hivyo pasivuliwe kwa wavu tangu Septemba hadi mafuriko ya kwanza yapite. Katika vilindi vingine ndoana na migono iendelee, ili mwenye njaa apate kitoweo. Uamuzi huo uandikwe kuwa sheria ndogo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliyapa mabaraza ya vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, kwa idhini ya halmashauri ya wilaya. Uwezo usiotumiwa ni sawa na jembe lililotundikwa.

Tatu, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, kitekelezwe kwa haki. Tunasema kwa haki kwa sababu tumeona mahali ambapo mkulima wa robo eka huondolewa, na mwenye eka nyingi na pampu kubwa akaachwa. Bodi za maji za mabonde yetu matatu, la Rufiji, la Wami na Ruvu, na la Kati, zitie mkazo katika vibali vya kuchota maji wakati wa kiangazi.

Nne, viongozi waanze wao. Mwenyekiti wa kijiji anayepelekewa nyumbani kambale wa utupa hawezi kusimama mkutanoni akakemea utupa. Wananchi wetu si wajinga. Huutazama mkono wa kiongozi kabla ya kuusikiliza mdomo wake.

Hatukusema neno hata moja linalohitaji fedha za kigeni au mtaalamu wa mbali. Maji yenyewe hutuchimbia ghala bure, mwaka hata mwaka, penye kizingo, penye makutano, chini ya mwamba. Hayadai mshahara wala saruji. Yanadai tu tusiyabebeshe udongo, tusiyanyonye hadi tone la mwisho, na tusivunje mlango wa ghala kabla ya msimu. Delta ya Rufiji hupata rehema ya bahari mara mbili kila siku. Sisi wa nyanda za kati hupata yetu mara moja kwa mwaka, na kwa hiyo hatuna ruhusa ya kukosea mara nyingi.

Akiba haiozi, walisema wahenga, na ya kilindini huogelea. Vijiji viitishe mikutano yao sasa, kabla kiangazi hakijafika mahali pa kubishana juu ya tope.